Kwaya ya Madam Nekesa

Kosa la kwanza la Emmaculate Nekesa lilikuwa kusema anaumwa. Angesema amesafiri Bungoma kumzika shangazi, wangemwacha kwa amani wiki nzima. Angesema landilodi amemfungia nyumba, wangempa pole na kuendelea na safari yao. Lakini yeye, msomi wa kemia na baiolojia, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la walimu waliogoma kwamba ana homa kali na leo hawezi kuandamana. Alisahau watu wake ni watu wa namna gani. Hapa kwetu ukisema unaumwa, umealika wageni.

Homa yenyewe hakuwa nayo. Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa ndani ya kanisa la mabati pale mtaani Kimbo, nyuma ya duka la chakula cha kuku, akitwanga maua mekundu kwenye kinu cha kitunguu saumu. Mbele yake, kwenye viti vya plastiki, lilikuwa limeketi darasa lake la gredi ya tisa, wote wamevaa nguo za nyumbani, kila mmoja na Biblia mapajani. Mapazia ya madhabahuni yalikuwa yamehamishiwa madirishani. Ukiuliza, hiyo ilikuwa kwaya ikifanya mazoezi.

Kwa nini mwalimu afundishe kwa kujificha kama mtu anayepika chang'aa? Kwa sababu wakubwa waliamua jambo kabla ya kujua litafanyika vipi, kama ilivyo desturi yao. Waliamua gredi ya saba, ya nane na ya tisa zikae katika shule za msingi. Wakaamua tena kwamba kila shule itapata maabara, na kila somo mwalimu wake. Uamuzi wa kwanza ulitekelezwa kesho yake. Wa pili, tunaambiwa, uko njiani.

Nekesa aliripoti shuleni na barua ya mkataba wa mwaka mmoja. Akapewa sayansi, hisabati, kilimo, masomo ya ufundi na, kwa vile alionekana mtu wa Mungu, somo la dini pia. Maabara aliyoonyeshwa ilikuwa stoo ya unga wa uji wa watoto wadogo. Mkataba ulipoisha akapewa mwingine, kisha mwingine, na kila mara aliambiwa avumilie kidogo, kazi ya kudumu iko karibu. Mvumilivu hula mbivu, walimwambia. Hawakumwambia ni msimu gani.

Walimu wa mkataba wa Thika na Ruiru walipochoka kabisa, walikutana uwanjani Thika, kila mmoja na tawi mkononi, wakaapa kwamba hakuna atakayefundisha mpaka waajiriwe. Aliyewaapisha alikuwa Odongo, mwalimu wa kemia kutoka Makongeni, Thika. Huyo Odongo alisoma na Nekesa chuo kikuu. Walikula githeri kwenye sufuria moja kule Kahawa Sukari, wakati bumu, ule mkopo wa chuo, linachelewa na landilodi hachelewi. Siku ile uwanjani Nekesa aliapa kwa sauti kuliko wengi, na aliamini kila neno alilotamka.

Mgomo ulipoingia wiki ya tatu, mwalimu mkuu wake, Bwana Muriithi, alimpigia simu.

"Mwalimu, wewe ingia tu class usign," alisema kwa ule upole wake wa mtu anayekuuzia ng'ombe mgonjwa. "Nafasi za permanent zikikuja, nani nitarecommend? Ni wewe. Wacha hao wengine wapige kelele huko barabarani."

"Siwezi kuuza wenzangu, sir," Nekesa akajibu, na siku hiyo alilala usingizi mzuri.

Aliyemnyima usingizi hakuwa Muriithi. Alikuwa Gathoni, mwanafunzi wake, binti wa mama muuza mboga pale karibu na stage ya matatu. Nekesa alikuwa ameinama akichagua sukuma wiki, msichana akamwuliza pole pole, kama anayeuliza njia.

"Madam, practical ya sayansi ni next week. Wanasema kutakuwa na acid. Mimi sijawahi ona acid. Inakaa aje?"

Nekesa akalipa mboga, akaondoka. Alijua yule mtoto anataka kwenda mkondo wa sayansi, na alijua anaweza. Alijua pia kwamba mtihani ule wa vitendo, ambao utafanywa katika shule zenye maabara na shule zenye stoo za unga kwa wakati mmoja, ndio utakaoamua ni mlango upi utamfungukia. Gredi ya tisa hairudiwi. Mgomo unaweza kuisha vizuri, walimu wakaajiriwa, wakala keki kwenye hoteli za Kamakis, na Gathoni akawa amekwisha kupangiwa maisha mengine.

Basi akaomba ufunguo wa kanisa kwa pasta, ambaye hakuuliza maswali. Akawaambia watoto waje na Biblia. Akajidanganya kwamba waliapa kutoingia darasani, na kanisa si darasa. Mtu akitaka kujisamehe hakosi njia.

Sasa glasi za chai zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya sadaka. Kila kundi lilikuwa na maji ya maua ya kupimia asidi, maji ya majivu, maji ya sabuni. Gathoni alidondosha maji ya majivu ndani ya maji ya zambarau ya maua, akakoroga kwa kijiko, akatazama.

"Madam," akanong'ona, "imekuwa green."

"Hiyo ni uchawi ya huko Western," akasema Calvince, mvulana ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu gredi ya saba. "Madam, na wewe ndio ulituambia tusiamini mambo ya waganga?"

Walicheka kwa kuziba midomo. Nekesa naye alicheka, na kwa muda mfupi akasahau hofu aliyokuwa nayo tangu alfajiri.

"Andikeni mlichoona," akasema. "Msiandike ya Calvince."

Tatizo lilikuwa asidi. Ndimu aliyoinunua jana ilikuwa moja tu, na kundi la kwanza lilikuwa limeikamua mpaka ganda likageuka ndani nje. Gathoni na wenzake walikuwa bado hawajaona kitu. Nekesa alikuwa akijiuliza amtume nani dukani bila kuonekana, ndipo aliposikia filimbi.

Zilitoka upande wa stage. Kila asubuhi waandamanaji walikusanyika hapo, wakaimba kidogo, kisha wakashika barabara kuu kuelekea ofisi za elimu Ruiru. Alikuwa amepiga hesabu zake kwa hilo. Alinyanyua kidole, watoto wakanyamaza, akasubiri sauti zipungue.

Hazikupungua. Zilikata kona pale kwenye duka la chakula cha kuku, zikaja na vumbi lake, zikapita ukutani kabisa na kusimama mbele ya ploti anayokaa Nekesa, mlango wa tatu kutoka kanisani. Wimbo ukakatika. Akasikia mtu akibisha hodi kwake. Akasikia jirani yake, Mama Wanja, akijibu kwa ile sauti inayofika mpaka Juja.

"Mwalimu? Ai, huyo si mgonjwa. Nimemwona akiingia hapo kanisa na watoto. Alikuwa na kinu."

Nekesa alichukua kitambaa cha madhabahu akakitupa juu ya glasi zote. "Simameni," akawaambia. "Fungueni Biblia. Imbeni."

Na hapo ndipo lilipojitokeza kosa lake la pili. Walikuwa wamepanga kila kitu isipokuwa wimbo. Gathoni na wenzake wa Presbiteri walianza wa kwao, taratibu, kwa Kikuyu. Kina Mitchell Aoko, ambao ni Wasabato, wakaanza wa kwao kwa Kijaluo, sauti nne kamili. Watoto wa Kikweka nao, dhehebu la kina Nekesa mwenyewe kule Bungoma, wakaingia na wa makofi. Calvince, ambaye kanisani huenda Krismasi kwa sababu ya chapati, alipiga makofi ambayo hayakuwa ya dhehebu lolote. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Kadiri hofu ilivyozidi ndivyo kila upande ulivyopandisha sauti, na mabati yakaanza kutetemeka.

Mlango ukafunguliwa. Nyimbo zikafa moja baada ya nyingine, wa Wasabato ukiwa wa mwisho kwa sababu walikuwa katikati ya ubeti.

Odongo alisimama mlangoni, jasho likimtiririka, tawi begani. Mkononi alikuwa amebeba mfuko wa ndimu na tangawizi. Nyuma yake walijaa walimu wengine, wakinyoosha shingo. Aliwatazama watoto. Akatazama kitambaa cha madhabahu kilivyovimba vilima vilima juu ya meza, na rangi ya zambarau iliyokuwa ikipenya katikati yake. Mwishowe akaitazama mikono ya Nekesa, iliyokuwa na rangi hiyo hiyo mpaka vifundoni.

"Si ulisema una homa?"

"Nilisema."

"Tumezungusha maandamano mzima tukuje kukuona. Watu wamechanga ndimu." Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Nekesa kuliko kelele. "Mimi ndio nimewaambia, huyu ni dada yetu, hatuwezi pita kwake hivi hivi."

"Ni msaliti," akasema mwanamke mmoja nyuma yake. Alikuwa Mukonyo, mwalimu wa Kiingereza ambaye mgomo ulikuwa umemgharimu nyumba. Sasa alikuwa analala kwa dada yake sebuleni na watoto wawili. Alikuwa na haki ya hasira yake. Tayari alikuwa ameinua simu juu ya vichwa vya watu. "Simama vizuri mwalimu tukupige picha. Kila mtu Thika na Ruiru akuone."

"Sijarudi kazini," Nekesa akasema. "Muriithi aliniambia niingie, atanirecommend. Nikakataa. Muulizeni."

"Heri ungeingia," Odongo akasema. "Angalau ungelipwa. Wewe unatuuza bure."

Odongo akaelekeza kidole kwenye viti vya watoto.

"Tuna silaha gani sisi, Nekesa? Sema mwenyewe. Tuna hiyo class tupu tu. Hawa wakipita mtihani, unajua wakubwa watasema nini? Watasema, si mnaona, hawa walimu hawajaajiriwa na watoto wanapita. Mkataba unatosha. Na mwakani utapewa mwingine, na mimi nitapewa mwingine, mpaka tuzeeke tukiwa interns."

Ubaya wake ni kwamba alisema kweli. Nekesa alikuwa amejiambia maneno hayo hayo akiwa amelala macho wazi, na hakuona kosa ndani yake.

"Na wasipopita?" akauliza.

"Watakuwa wamefelishwa na serikali."

"Gathoni yuko hapa. Mwangalie. Mwambie atafanya lini tena gredi ya tisa."

Odongo hakumwangalia Gathoni. Alihamisha tawi kutoka bega moja hadi jingine.

"Wacheni maneno mingi," Mukonyo akasema, akijipenyeza ndani. "Watoto waende nyumbani, mwalimu tutembee naye. Mlisema hii ni nini, kwani? Tuition?"

"Ni kwaya," akasema Calvince.

Kila mtu alimgeukia. Mvulana alikuwa ameishika Biblia kichwa chini.

"Kwaya?" Mukonyo akacheka bila furaha. "Kwaya gani inaimba nyimbo tatu mara moja? Haya, kama ni kwaya, imbeni moja. Moja tu, nyote. Tuskie."

Nekesa aliona macho ya watoto yakitafutana, Mpresbiteri akimtazama Msabato, Msabato akimtazama Mkweka. Alitaka kuwaambia basi, yameisha, nendeni nyumbani. Hakuwa amewafundisha hata wimbo mmoja wa pamoja, na wakati wa kuwafundisha ulikuwa umepita.

Calvince akafumba macho, akaanza.

Alianza wimbo pekee ambao darasa lile lote lilikuwa limeusikia kila asubuhi kwa wiki tatu, ukipita nje ya lango la shule wakiwa wamekaa darasani peke yao. Aliuanza chini, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza wenzake wote walikuwa ndani yake, sauti moja, bila hata mmoja kukosea.

*Mkataba wa aibu, tumeukataa.*
*Hatuingii darasani, hatufundishi mtu,*
*mpaka kieleweke.*

Walimu mlangoni waliangua kicheko. Ulikuwa wimbo wao. Mmoja akapuliza filimbi, wawili watatu wakadakia kwa mazoea, matawi yakainuka. Watoto walipoona wamepatia, wakazidisha. Wakaurudia kutoka mwanzo, na safari hii walimu wote wakaimba nao.

Walipofika kwenye *hatufundishi mtu*, kitu kikawapata wale watu wazima. Aliyekuwa mbele alifunga mdomo kwanza. Kisha wa nyuma yake. Filimbi ikatulia. Watoto hawakujua wanyamaze, kwa hiyo waliendelea peke yao, nguo za nyumbani, Biblia mikononi, wakiwaimbia walimu usoni kwamba hawafundishwi. Gathoni alikuwa anaimba huku macho yake yakiwa kwenye meza, pale chini ya kitambaa ilipokuwa glasi yake. Nekesa akalia waziwazi, bila kujifuta, kwa sababu mikono ilikuwa michafu.

Mukonyo akashusha simu. Hakuwa amepiga picha.

"Imetosha," Odongo akasema. "Watoto, imetosha."

Alipita katikati ya viti, akauweka mfuko wa ndimu juu ya meza ya sadaka, taratibu, kando ya kitambaa. Akavunja tawi lake vipande viwili, kimoja akampa Nekesa.

"Uliapa," akamwambia. "Leo utatembea mbele."

Nekesa akalichukua tawi. Hakuona haya kulichukua, lilikuwa lake. Aliondoa kitambaa cha madhabahu juu ya glasi, akautoa ufunguo wa kanisa mfukoni na kumkabidhi Gathoni, kisha akachagua ndimu moja kwenye mfuko wa Odongo na kumwekea kiganjani.

"Ulikuwa umeniuliza acid inakaa aje," akasema. "Inakaa hivi. Kata, kamua, uone maji yatageuka rangi gani. Kila mtu afanye mwenyewe. Calvince, ukimfanyia mtu, nitajua."

"Na wewe madam, unarudi?" Gathoni akauliza.

"Nikitoka Ruiru."

Alitembea mbele, kama alivyoagizwa. Jua lilikuwa kali na vumbi la malori halikuwahurumia. Watu wa maduka walitoka kutazama, na hakuna aliyejua kwamba yule mwanamke wa mbele mwenye mikono ya zambarau alikuwa ametiwa adabu. Walidhani ndiye kiongozi. Waandishi wa habari kwenye lango la ofisi za elimu walidhani hivyo hivyo. Walimpiga picha kutoka kila upande, tawi juu, mdomo wazi, macho mekundu.

Wakiwa bado langoni, wakimngoja ofisa ambaye hakuonekana kuwa na haraka, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Muriithi.

*Mwalimu, nimeona picha. Nilikuwa nimeamua kukuweka kwa list ya permanent hata bila kusign. Sasa haiwezekani, wakubwa wameona pia. Pole sana.*

Aliusoma mara mbili. Akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Miaka yake yote ya kuvumilia ilikuwa imeishia kwenye *pole sana*. Alimpa Odongo simu bila neno. Odongo akausoma, akamrudishia, akaketi kando yake.

Mbele yao kundi lilianza wimbo tena ili kuwachangamsha walioanza kuchoka. Waliimba *mkataba wa aibu* kwa nguvu. Waliimba *hatuingii darasani*. Mstari uliofuata wengi waliuguna tu, midomo imefungwa, wakaja kupaza sauti tena kwenye *mpaka kieleweke*. Mukonyo hakuuimba kabisa.

Odongo alichuma jani kwenye kipande chake cha tawi, akalipasua katikati, akalitupa mtaroni.

"Wangu wa Makongeni," akasema bila kumtazama, "pia hawajawahi ona acid."

Nekesa akamgeukia.

"Hiyo kanisa yenu. Inafunguliwa saa ngapi?"

Ofisa alikuwa ametokea mlangoni, watu wakasimama na kuanza kusukumana. Nekesa naye akasimama, akajipangusa vumbi, akainua tawi lake juu kama wenzake.

"Saa mbili," akamjibu. "Wakuje na ndimu. Na waambie wachague wimbo wakiwa huko huko Thika."